Mwaka Tuliosubiri Mbegu Kuiva

Tulimzika Kerstin mwezi wa nne mwaka huu, asubuhi ya jua kali lisilo na joto, na baada ya ibada familia yake ikatukaribisha kahawa katika ukumbi wa kanisa pale Farsta. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na katikati ya kila meza palikuwa na ile keki ya mkate wanayoipenda Waswidi kwenye shughuli zao, iliyopakwa krimu na kupambwa kwa kamba wadogo na vipande vya limau. Mimi na Espérance tulikaa pamoja, mabega yakigusana, kama tulivyozoea kukaa zamani kwenye treni. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu, binamu wa marehemu, akatuuliza kwa upole tulimfahamu vipi Kerstin. Espérance akaweka uma chini. "Tulikuwa tukichuma naye mbegu," akasema. Yule mzee akatabasamu, kama mtu aliyeambiwa kwamba tulikuwa tukicheza karata pamoja, kisha akarudi kwenye keki yake. Ukumbi ule haukuwa mahali pa hadithi ndefu. Lakini nilipofika nyumbani na kuvua viatu niliona kwamba jibu lile lilikuwa fupi mno kwa mtu wa aina ile, na kwa mwaka ule. Ndiyo sababu nimeketi kuuandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, simu zetu zikiwa bado za vitufe. Nilikuwa nimekaa Stockholm majira matatu ya baridi na nilikuwa natandika vitanda hotelini karibu na stesheni kuu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana Kitale, na mwalimu mkuu wa shule ile, mama mwenye subira, alikuwa ameniwekea nafasi yangu akingoja niseme kama nitarudi. Kiswidi nilikuwa nakielewa vizuri kuliko nilivyokizungumza. Darasani nilipata alama nzuri, lakini mtu akinisemesha dukani maneno yalinikauka, nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka na kitu nisichokitaka. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya wasichana arobaini na kunyamazisha chumba kwa kuvua miwani tu, akiwa bubu mbele ya muuza jibini, anaanza kujiuliza kama yeye bado ni yeye. Nilikuwa katika hali hiyo Jumapili moja ya mwezi wa tatu, tulipokuwa tukiosha vikombe baada ya ibada ya Kiswahili, wakati mwanamke mmoja Mrundi mwenye sauti ya kujaza jikoni aliponigusa kiwiko.

"Mwalimu," akasema, "wewe si ndiye ulikuwa unafundisha mambo ya majani na maua kule kwenu?"

"Ndiyo, dada."

"Kuko kazi. Ya kuokota mbegu, porini, kuanzia mwezi wa tano mpaka baridi irudi. Mimi niliifanya mwaka jana. Mgongo unauma, mbu wanakula mtu, lakini mama tunayefanya naye kazi ni mtu. Njoo."

Huyo ndiye Espérance. Alikuwa amekulia Bujumbura mjini, amepitia kambi mbili za wakimbizi kabla ya kufika Uswidi, na alikuwa akilea binti zake wawili katika nyumba ya ghorofa kule Jordbro. Kiswidi chake kilikuwa kimejaa makosa na hakikumzuia kitu. Aliongea na madereva, na wauguzi, na polisi, na wazee wa Kiswidi waliojikalia kimya kwenye mabenchi, na wote walimjibu. Nilimhusudu kabla sijampenda.

Niliaga hotelini mpaka baridi irudi, na mwezi wa tano Kerstin alitupokea kwenye kituo cha treni, amesimama karibu na gari kuukuu la shirika lililotuajiri, shirika dogo la kuhifadhi mimea ya asili. Alikuwa mrefu, mwenye msuko mmoja wa mvi uliofika kiunoni na suruali ya mifuko mingi, na katika kila mfuko kulikuwa na kitu: wembe, kioo cha kukuzia, kamba, penseli fupi, tufaha. Alizungumza polepole. Baadaye nilijua kwamba hakuwa akipunguza mwendo kwa ajili yetu wageni, bali aliongea hivyo na watu wote, hata na wakubwa wake. Akatueleza kazi yenyewe. Malisho ya zamani yaliyozunguka jiji, yale ambayo ng'ombe na mundu vilikuwa vimeyaweka wazi kwa karne nyingi, yalikuwa yanakufa. Mengine yalimezwa na msitu, mengine yalijengwa. Mimea iliyoishi humo haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kazi yetu ilikuwa kuchuma mbegu zake, kuzikausha, kuhifadhi sehemu, na sehemu nyingine kuzipanda mahali ambapo zingeachwa kwa amani.

Halafu akatupeleka kwenye mteremko wenye maua ya manjano na kutufundisha jambo ambalo sikuwahi kulifundisha darasani hata siku moja, nalo ni kuacha. Unapita katikati ya mimea huku ukienda upande upande, kulia na kushoto, unachuma kidogo hapa na kidogo pale, na nyingi unaziacha zianguke zenyewe. "Sisi ni wageni," alisema. "Mgeni hamalizi chakula cha wenyeji." Na kabla ya kuchuma chochote unachukua mbegu moja, unaikata kwa wembe, unatazama ndani. Ikiwa nyeupe na ngumu, imeiva. Ikiwa kijani na majimaji, unafunga mfuko wako, unarudi siku nyingine, hata kama umesafiri saa mbili. Siku ile tulisafiri saa mbili. Ndani ilikuwa kijani. Tukanywa kahawa, tukala mikate yake ya iliki, tukarudi mjini mikono mitupu, na Kerstin aliendesha gari akiimba. Mimi nilishangaa. Hotelini chumba kimoja kisipotandikwa kwa wakati msimamizi alikuwa anakufuata mpaka kwenye lifti.

Mbegu tulizikausha Jakobsberg, katika ghorofa ya chini ya shule ya zamani, ndani ya chumba chenye madirisha mawili madogo yaliyotazama miguu ya wapita njia. Chumba kile kingali rohoni mwangu kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Kulikuwa na rafu za mbao mpaka darini, na juu ya rafu magazeti, na juu ya magazeti vichwa vya maua vilivyokauka. Feni moja ilizunguka kutwa nzima ikilalamika. Chumba kilinuka nyasi kavu na kahawa. Siku za mvua tulikaa humo tukisugua maganda kwa viganja na kuyapitisha kwenye chekeche, na ndipo siku moja Kerstin alipoleta sinia pana la mbao, akaliweka mezani mbele yetu, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima.

"Hili najua hamhitaji kufundishwa," akasema.

Tulitazamana. Mimi nyumbani niliwahi kupepeta mahindi nikiwa mtoto, na nilikuwa maarufu kwa kuyamwaga. Espérance hakuwahi kabisa. "Mama," alimwambia Kerstin, kwa Kiswidi chake kisichoogopa makosa, "mimi ni mtoto wa mjini. Kwetu mchele ulitoka dukani umeshapepetwa. Nilikuwa karani wa benki!" Kerstin akawa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Ikabidi atufundishe yeye, alivyofundishwa na bibi yake kijijini. Alilishika sinia kwa mikono miwili, akalirusha kidogo, akapuliza kwa pumzi nyembamba, na makapi yakaruka kama moshi huku mbegu zikibaki zimekaa katikati. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, na mikono yake ilikuwa na utulivu ambao hadi leo nautafuta katika mikono yangu.

Treni ya kutoka Jakobsberg ilikwenda moja kwa moja mpaka Jordbro, ikipita katikati ya jiji zima, na Ijumaa nyingi Espérance hakukubali nishuke njiani niende kwangu. "Utakula nini peke yako? Mkate na jibini?" Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu, na harufu ya maharage yake ilikupokea kuanzia ya pili. Alipika maharage na ndizi, na dagaa wa Tanganyika alioletewa na watu waliotoka nyumbani, aliowaita ndagala na kuwahifadhi kabatini kama dhahabu. Binti zake aliwasemesha Kiswahili, nao wakamjibu Kiswidi, yeye akarudia Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi, na mazungumzo yakaenda hivyo mlo mzima bila mtu yeyote kuona ajabu. Jioni moja Kerstin alikuja pia. Alikula ndagala na vichwa vyake, akaomba tena. Halafu akasimama dirishani, kikombe mkononi, akitazama maghala ya eneo la viwanda na ukanda wa kijani uliokuwa nyuma yake, chini ya msitu.

"Pale pana nini?" akauliza.

"Pale? Nyasi," akasema Espérance. "Walikuwa wakifunga farasi zamani. Sasa hakuna kitu."

Jumatatu asubuhi Kerstin alikuwa ametangulia pale, na tulipofika tulimkuta amepiga magoti na koti lake likiwa limelowa umande. Alituita kwa mkono bila kugeuka. Mbele yake palikuwa na mmea mfupi, usiozidi kidole changu cha kati, wenye maua ya zambarau yenye ncha nne na ndevu laini kooni. Kulikuwa na mwingine pembeni, na mwingine, na nilipoinua macho nikaona kwamba ukanda mzima ulikuwa na rangi ile, hafifu, iliyojificha ndani ya nyasi. Ilikuwa jentiana ya malisho. Kerstin alitueleza kwamba mmea huo huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza unakaa chini kama vijani vichache, wa pili unachanua, unadondosha mbegu, unakufa. Mwaka mmoja tu ukikosa kudondosha, kizazi kimepotea. Alikuwa ameutafuta kusini mwa jiji kwa muda mrefu na alikuwa ameanza kuamini kwamba umekwisha. "Nao ulikuwa nyuma ya jiko lako," akamwambia Espérance, na macho yake yalikuwa na machozi ambayo hakujaribu kuyaficha.

Furaha ile haikudumu. Ukanda ule ulikuwa umeshauzwa na kibali cha ujenzi kilikuwa kimetoka zamani. Ghala jipya lingejengwa, na mashine zilitarajiwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, wakati mbegu za jentiana zisingeiva kabla ya mwisho wa mwezi huo. Kerstin aliandika, akapiga simu, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya wajenzi na kurudi midomo ikiwa imebana. Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya rafu kule Jakobsberg, nikigeuza magazeti, nikamsikia akiongea kwa simu na mkubwa wake wa shirika. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilisikia maneno. Alikuwa akimwambia azichume sasa hivi kama zilivyo, ili ripoti iseme kwamba mahali pale pameokolewa.

"Nikizichuma sasa nitakuwa na mfuko wa vumbi wenye jina zuri," akasema Kerstin, polepole kama kawaida yake. "Unataka jina au unataka mmea?"

Upande wa pili ukasema neno juu ya busara.

"Basi nitakosa busara," akasema, akaweka simu chini. Kisha akaniona. Hakuona haya. "Umesikia?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Basi tuko wawili tunaojua."

Nimefanya kazi na watu wengi baada ya hapo, na baadhi yao walikuwa wenye vyeo na wenye vitabu vyao. Kukataa kwa hasira nimekuona mara nyingi. Kukataa kwa utulivu, kwa sababu mtu amekata mbegu na kuona kwamba ndani ni kijani, nilikuona kwa mara ya kwanza siku ile.

Siku chache kabla mashine hazijaja, Kerstin aliteleza kwenye mwamba uliolowa mvua, akavunjika kifundo cha mguu. Tulimkuta hospitalini mguu ukiwa kwenye plasta, msuko wake umefunguka juu ya mto, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Espérance alimletea chai ya tangawizi kwenye chupa. Kerstin akatushika mikono wote wawili. "Ofisi haitanisikiliza tena," akasema. "Lakini kule kwenye udongo kuna mtu anayeendesha mashine. Huyo hamjaongea naye. Mwambieni ukweli tu. Na chochote kitakachotokea, msichume kabla hazijaiva."

Nililala vibaya. Asubuhi tulivaa vizibao vyetu vya kung'aa, tukapita katikati ya maghala, na tulipofika tingatinga lilikuwa limeshashushwa kwenye lori. Msimamizi wa pale alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyekundu, jina lake Roland, na alikuwa akinywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Alitutazama tukija. Espérance akaanza, kama nilivyotegemea, akamsalimu, akamuuliza kama hali ya hewa itashika, akamweleza sisi ni akina nani. Roland akasikiliza kwa adabu.

"Ongeeni na ofisi," akasema.

"Ofisi imesema hapana."

"Basi mmeshapata jibu." Akamwaga mabaki ya kahawa. "Ni majani, mama."

Espérance akanigeukia. Sijui kama aliishiwa au alifanya makusudi, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye alicheka tu. "Mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili, "hii ni ya kwako."

Nikamtazama yule mtu, na sijui kwa nini nikaona kitu nilichokuwa nimekiona mara nyingi katika dawati la nyuma: hakuwa mkaidi, alikuwa tu hajaonyeshwa. "Ni majani, ndiyo," nikasema kwa Kiswidi. "Njoo uyaone." Nikageuka nikaenda, bila kutazama kama ananifuata, kama nilivyokuwa nikifanya nikitaka darasa linifuate uwanjani. Nikasikia viatu vyake nyuma yangu. Nilipiga magoti, naye akainama, mikono magotini. Nikachuma ganda moja la jentiana, nikalipasua kwa wembe juu ya kiganja changu, nikampa kioo cha kukuzia.

"Unaona nini?"

"Vidoa vya kijani. Vimelowa."

"Hizo ni mbegu. Nikizichukua leo zitaoza. Mwisho wa mwezi zitakuwa kahawia na kavu, na nikizipanda zitaota. Huu mmea huishi miaka miwili. Hii yote unayoiona mbele yako imengoja tangu mwaka juzi ifike hapa."

"Haipo kwingine?"

"Ipo mahali pachache. Kila mwaka panapungua. Hapa hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeimwagilia. Imeishi nyuma ya maghala yenu, na bado haijamaliza kazi yake."

Nilisema mengine pia. Nilimweleza habari za wadudu, na za farasi waliokuwa wakila nyasi ndefu na kuachia mmea huu mwanga. Sarufi yangu ilikuwa inaanguka huku na huko nami sikusimama kuiokota. Ilikuwa sauti yangu ya Kitale. Nilidhani niliiacha kule, ndani ya kabati la chaki, kumbe nilikuwa nimetembea nayo majira yote yale matatu.

Roland akasimama, akashika kiuno. "Bosi wangu amesema nianze leo," akasema, na sasa ilikuwa kama anaomba msaada.

"Anza!" akadakia Espérance, aliyekuwa amefika nyuma yetu. "Nani amekukataza kuanza? Tunakuomba tu uanzie kule." Akanyoosha mkono kuelekea upande wa barabara, mbali na msitu.

"Kule kuna mawe. Nilitaka kuyaacha yawe ya mwisho."

"Basi yawe ya kwanza."

Alitazama mawe, akatazama maua, akajikuna shingo kwa muda mrefu. Kisha akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshindwa bila kuumia. Akaenda kwenye gari lake akaleta utepe wa plastiki mwekundu na mweupe, akatupa. "Zungusheni wenyewe," akasema. "Mimi sitapita ndani ya utepe mpaka nimalize mawe. Na mawe haya," akaongeza, "yanaweza kuwa mabaya kweli."

Mawe yalikuwa mabaya mwezi mzima. Tulikwenda kila baada ya siku mbili tatu kukata ganda moja, na Espérance akampigia Kerstin simu kumwambia rangi. "Ni kama majani mabichi ya chai," alisema mara ya kwanza. Baadaye, "Sasa ni kama chai yenye maziwa mengi." Nikamsikia Kerstin akisema, "Sielewi chai yenu, nipe Salome," nami nikachukua simu. Mvua ilinyesha juma zima na tukaogopa kwamba maganda yangeoza. Halafu ukaja upepo mkavu kutoka kaskazini, na asubuhi yake nilipopasua ganda, mbegu zilimiminika kiganjani zenyewe, kahawia, ndogo kama punje za kahawa iliyosagwa.

Kerstin aliletwa na jirani yake kwa gari, akiwa na magongo, akakalia kiti cha kukunja pembeni ya utepe. Siku ile hatukuacha kitu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuachiwa. Tulichuma mmea baada ya mmea, tukatia maganda kwenye mifuko ya karatasi, na kwangu mimi niliyekuwa nimejifunza kuacha, mkono ulikuwa mzito. Saa ya kahawa Roland alizima mashine akaja kuketi nasi, akala mikate miwili ya iliki, akamuuliza Kerstin mambo ya mguu. Tulipomaliza, Espérance alisimama katikati ya ukanda ule mtupu akasema maneno kwa Kirundi, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake. Sikumuuliza ni nini.

"Tuondoke sasa," nikamwambia Kerstin, nilipoona Roland anapanda mashine na kuja upande wetu.

"La," akasema. "Nataka kuona." Na aliona. Alikaa wima kwenye kiti kile mpaka udongo wote ulipogeuka, bila kufumba macho, bila kumchukia mtu aliyekuwa usukani. Roland alipomaliza alivua kofia. Kerstin akamwinulia gongo moja hewani, kumshukuru.

Jioni ile ndani ya treni nilimwambia Espérance kwamba nimeamua kumpigia simu mwalimu mkuu wa Kitale, nimwambie asiniwekee nafasi tena.

"Usibaki hapa kwa sababu ya majani, Mwalimu," akasema.

"Si majani. Nilikuwa nataka kurudi kwa sababu hapa nilikuwa sina mdomo."

"Mdomo unao," akasema. "Leo hata tingatinga limesikia." Kesho yake nilipiga simu. Yule mama hakulaumu. Aliniuliza tu kama nitafundisha tena siku moja, nikamwambia nadhani ndiyo, ila sijui bado nitamfundisha nani. Miaka miwili baadaye niliingia chuo kusomea ualimu wa huku Uswidi, na nimefundisha biolojia Jakobsberg mpaka nilipostaafu.

Tulipanda mwezi wa kumi na moja, kabla ardhi haijaganda, maana mbegu ya jentiana lazima ipitie baridi ndiyo iamke. Kerstin alikuwa ameomba mteremko mmoja nje ya Farsta, mahali ambapo kondoo wangechungwa kila mwaka na ambapo hakuna atakayejenga. Tulikwangua nyasi kwa reki mpaka udongo ukaonekana, tukachanganya mbegu na mchanga ili zisipeperuke, tukazimwaga kwa mkono. Hazifukiwi. Zinakanyagwa tu ili zishikane na udongo. Kerstin, ambaye daktari alikuwa amemruhusu kutembea na fimbo, alianza kukanyaga kwa uangalifu kama anayepima zulia, na Espérance hakuvumilia. Alianza kuimba wimbo wa kwaya ya kanisani kwetu na kukanyaga kwa mdundo, nikamfuata, na muda si muda tulikuwa watatu tukicheza kwenye mteremko ule ndani ya viatu vya mpira, pumzi zetu zikitoka nyeupe, mmoja wetu akiwa na fimbo. Baridi ilipoingia kweli nilirudi hotelini kutandika vitanda. Nilikuwa nikifungua pazia za vyumba asubuhi, nikiona theluji imefunika mapaa, nikafurahi. Nilijua kuna kitu kule Farsta kinachoihitaji.

Mwezi wa tano Kerstin akatupigia simu kwamba twende. Hakusema zaidi. Tulipanda mteremko ule, na kwa mbali hakukuwa na kitu ila udongo na nyasi changa. Kerstin akaweka fimbo chini, akalala kifudifudi, mtu mzima na msuko wake, mashavu karibu na ardhi. Nasi tukalala, mmoja kila upande. Udongo ulikuwa baridi. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Kisha Kerstin akanisogezea kioo na kunielekeza kwa ncha ya penseli, nami nikaona vijani viwili, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vimefunguka kuelekea juu. Pembeni yake viwili vingine. Nilipojua sura yake nikaanza kuviona kila mahali. Espérance alikuwa ameviona pia.

"Maua ni mwakani," Kerstin akanong'ona, kana kwamba sauti ingevidhuru.

Hatukusikia mtu akija. Tulipoinua vichwa tulimwona bwana mmoja wa makamo na mbwa wake amesimama kwenye njia, akitutazama wanawake watatu tuliolala matumbo chini katikati ya uwanja. Waswidi hawapendi kuingilia mambo ya wengine, na ilionekana kwamba amepigana na nafsi yake kabla ya kufungua kinywa.

"Samahani," akasema. "Mmepoteza kitu?"

"Hapana," Espérance akamjibu, bila kuinuka. "Tumepata."

Yule bwana akasita. Kisha akamfunga mbwa kwenye mti, akapanda mteremko kwa uangalifu akitazama anapoweka viatu vyake, akapiga magoti karibu nasi, na Kerstin akampa kioo.